Sahani ya Kangxi ya maua ya buluu: uso ni mzuri, ila mimi nililipia kitako

Nianze na vipimo, maana picha za minadani huficha ukubwa. Sahani hii ina upana wa sentimita 27, kina kama cha sentimita nne, na ukiinyanyua kwa mkono mmoja ni nyepesi kuliko macho yalivyokuambia. Ni kauri ya Jingdezhen, mkoani Jiangxi, Uchina, ya enzi ya mfalme Kangxi wa nasaba ya Qing, enzi inayohesabiwa kuanzia 1662 hadi 1722. Mimi naiweka karibu na mwaka 1700. Katikati kuna peoni iliyochanua ikitokeza nyuma ya jabali, na kuizunguka kuna vyumba vinane vyenye umbo la petali, kila kimoja na tawi lake la maua. Niliinunua kwa muuzaji wa vitu vya kale aliyeko Uholanzi, kwa euro 260. Ingekuwa nzima ningelipa zaidi ya mara mbili. Ina ufa, na huo ufa nitaufikia.

Watu wengi wanaoandika juu ya vyombo hivi huanza na maua na kumalizia kwenye maua. Siwalaumu, ndiyo yanayoonekana. Lakini maua huigwa. Fundi hodari wa leo, pale pale Jingdezhen, anaweza kukuchorea peoni hii ukashindwa kuitofautisha kwenye picha ya simu. Kazi ngumu ya kuiga iko chini, mahali ambapo muuzaji mvivu hapigi hata picha. Ndiyo maana mtu akiniuliza sahani hii ina nini cha maana, humwambia aigeuze kwanza.

Hata hivyo kilichonisimamisha mbele ya tangazo lake ni buluu, kwa hiyo haki yake niitoe mapema.

Buluu hii ni kobalti: madini yaliyosagwa yakawa unga laini, yakachanganywa na maji, yakapakwa kwa brashi juu ya udongo mkavu ambao bado haujaona moto. Wakati wa kuchora haina ubuluu wowote, ni kijivu kinachoelekea weusi. Udongo huinywa papo hapo, kwa hiyo hakuna kufuta wala kurudia. Kisha chombo chote hufunikwa glezi, lile tabaka linalogeuka kioo motoni, na kuchomwa mara moja kwenye joto la karibu nyuzi 1,300 za Selsiasi. Mchoraji huiona rangi yake siku tanuri linapofunguliwa. Ukikumbuka hilo, mkunjo mmoja tu wa petali unatosha kukufanya uvute kiti karibu.

Chini ya lenzi ya kukuza mara 10, peoni yangu haikujazwa rangi moja. Kwanza kuna mstari mwembamba wa kuainisha petali, halafu kobalti iliyopunguzwa kwa maji ikamiminwa ndani yake kwa viwango: nzito kwenye shina la petali, ya wastani katikati, hafifu pembeni, na mwishoni kabisa ukingo mwembamba ulioachwa mweupe. Mafundi wa enzi ya Kangxi walikuwa mabingwa wa mchezo huu wa maji na rangi, na hapo ndipo wanapowaacha wengi waliowatangulia na karibu wote waliowafuata. Jabali lililo chini ya ua limechorwa kwa viwango hivyo hivyo, limepata pande na vivuli, na unaamini kwamba ni jiwe. Kobalti yenyewe wakati huo ilichimbwa humo humo Uchina, hasa Zhejiang, ikachomwa na kusafishwa kabla ya kusagwa. Inatoa buluu safi, tulivu, isiyopiga kelele.

Ukipenda buluu yenye fujo, Kangxi hatakutosheleza. Tafuta kwenye majumba ya makumbusho vyombo vya enzi za Yongle (1403 hadi 1424) na Xuande (1426 hadi 1435), nasaba ya Ming. Huko walitumia kobalti iliyotoka Uajemi, yenye chuma kingi, na mahali brashi ilipokaa sekunde moja zaidi palibaki doa jeusi lililozama kwenye glezi. Baadaye wachoraji wa Qing waliyapenda madoa hayo kiasi cha kuyapachika makusudi, nukta kwa nukta, kwa ncha ya brashi. Ukiona madoa yaliyopangwa kwa ustaarabu mno, umekutana na mwigaji. Anaweza kuwa mwigaji wa karne ya 18 mwenye thamani yake mwenyewe, lakini si Xuande.

Sasa maua yenyewe. Peoni kwa Wachina ni ua la utajiri na cheo, na hapa limepewa nafasi ya mfalme: kubwa, katikati, bila kupakana na chochote. Kwenye vyumba vya pembeni natambua yungiyungi, krisanthemu na tawi la plamu. Mengine ni maua ya mchoraji mwenyewe, wala sijihangaishi kuyapa majina. Yungiyungi ni usafi, ua linalotoka kwenye tope likiwa halina tope, na Ubudha umelibeba mbali. Krisanthemu ni la vuli na umri mrefu. Plamu huchanua baridi ikiwa bado haijaondoka. Peoni, yungiyungi, krisanthemu na plamu wakikutana kwenye chombo kimoja, umepata misimu minne ya mwaka.

Kuna jambo linalonichekesha kila nikiitazama. Peoni ya katikati imechorwa na mtu asiye na haraka. Vyumba vya pembeni vimechorwa na mwingine, tena mwenye haraka zake. Chumba kimoja ni chembamba kuliko wenzake na tawi lake limekatika kabla ya kufika ukingoni, kama kwamba nafasi iliisha. Na mistari miwili ya duara inayotenganisha katikati na pembeni imenyooka kwa usahihi wa mtu wa tatu, ambaye huenda hakuchora ua hata moja maishani mwake. Haya si mawazo yangu matupu. Padri Mjesuiti wa Kifaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliyeishi Jingdezhen, aliandika barua mbili ndefu juu ya kazi hii, ya kwanza mwaka 1712 na ya pili mwaka 1722. Anaeleza kwamba mmoja alichora duara la ukingoni tu, mwingine akaainisha maua, wa tatu akayatia rangi. Waliochora milima na maji hawakuwa wale waliochora ndege na wanyama. Akaongeza kwamba inasemekana chombo kimoja hupita mikononi mwa wafanyakazi 70. Mtu anayedai kwamba sahani ya kibiashara ya Kangxi ni kazi ya "msanii mmoja" anakuuzia hadithi. Ni kazi ya mtaa mzima, na ubovu wa chumba kile chembamba naupenda kuliko usawa wa mashine.

Haya, tuigeuze.

Tandika taulo mezani, ilaze kifudifudi, taa iwe upande, si juu. Anza na pete ya kitako, ile sehemu isiyo na glezi inayogusa meza, kwa sababu hapo pekee ndipo unapokutana na udongo uchi. Kauri ya Jingdezhen hutengenezwa kwa vitu viwili: jiwe la kauri lililopondwa kwa nyundo zinazoendeshwa na maji ya mto, na udongo mweupe wa kaolini, uliochimbwa kilima cha Gaoling karibu na mji huo. Ukichomwa sawasawa mchanganyiko huu hukaza, hauna vinyweleo, haunywi maji. Pitisha ncha ya kidole kwenye pete hii: ni laini kama kokwa ya tende iliyonyonywa. Kwenye vyombo vingi vya mwisho wa karne ya 19 nilivyoshika, kidole hukutana na kitu kikavu zaidi, kinachokaribia chaki. Tofauti hiyo huwezi kuifundishwa na picha. Nenda kwenye maonyesho ya mnada, omba kushika vyombo ambavyo huna mpango wa kununua, shika vingi. Wanaruhusu, na ni bure.

Pale glezi inapokoma, pembeni mwa pete, kuna uzi wa rangi ya chungwa hafifu. Huo umetokana na chuma kidogo kilichomo kwenye udongo, kilichokutana na hewa tanuri lilipokuwa linapoa. Uzi wa kweli hauna nidhamu: mnene upande huu, mwembamba ule, mahali pengine umetoweka kabisa. Wanaochakachua hupaka maji ya kahawia kuzunguka pete yote, wakipata rangi iliyolingana kila mahali, na mara nyingi imeingia hata kwenye mikwaruzo mipya. Rangi ya kahawia iliyokaa ndani ya mkwaruzo mpya ni ushahidi wa kutosha, rudisha chombo mezani na uondoke.

Punje chache za mchanga zimeganda kwenye pete. Kila chombo kilichomwa ndani ya boksi lake la udongo mgumu, ili moto na majivu ya kuni za msonobari visikiguse, na sakafu ya boksi ilinyunyiziwa unga au mchanga ili kisigande. Kwenye sahani za biashara za enzi ya Wanli (1573 hadi 1620), zile nyembamba zilizopakiwa kwa wingi kwenda Ulaya, mchanga huwa mwingi hadi unakwaruza meza. Kwenye yangu ni punje tu, na hilo ni sawa kwa umri wake. Mchanga mwingi kwenye sahani inayoitwa Kangxi ungenitia shaka.

Ndani ya pete, glezi ina weupe wenye kivuli cha buluu, imekaza juu ya udongo kama haitaki kuachana nao, na ina vitundu vidogo vya sindano hapa na pale. Ukiinamisha sahani chini ya taa unaona mistari hafifu inayotoka katikati kuelekea pembeni: alama za kisu cha fundi aliyepunguza unene wa kitako kwenye gurudumu kabla ya glezi. Unaziona halafu hazipo, ukigeuza kidogo zimerudi. Hii ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote, nakiri nimewachosha wageni kwa kuwaonyesha.

Halafu kuna alama. Kwenye kitako cha sahani hii kuna duara mbili za buluu, moja ndani ya nyingine, na katikati hamna kitu. Anayeanza hudhani ameuziwa kitu ambacho hakijakamilika. Mwaka 1677 hakimu wa wilaya iliyokuwa na Jingdezhen alipiga marufuku kuandika jina la enzi ya mfalme kwenye vyombo, lisije likatupwa jalalani chombo kikivunjika. Mafundi walikuwa wamezoea kuchora duara mbili kisha kuandika herufi ndani yake. Wakaendelea na duara, wakaacha ndani patupu, au wakachora jani, au ua, au sungura. Duara tupu peke yake hazithibitishi kitu, kwa kuwa waliokuja baadaye walizichora pia. Ila duara tupu, pamoja na pete ya namna hii, glezi ya namna hii, umbo la petali lililokandamizwa kwenye kalibu na buluu ya viwango mbalimbali, vyote vikielekeza upande mmoja, ndiyo sababu nasema karibu na 1700. Tanuri za Jingdezhen ziliharibiwa vibaya kwenye uasi wa miaka ya 1670, na karakana za kifalme zilifufuliwa mwaka 1683. Ubora wa namna hii kwenye vyombo vya biashara unaonekana baada ya hapo.

Nikutahadharishe juu ya kinyume chake. Ukiona chombo kimeandikwa kwa fahari jina la Kangxi, hasa herufi nne tu, mara nyingi ni cha mwisho wa karne ya 19. Na wenyewe watu wa enzi ya Kangxi walipenda kuandika jina la Chenghua, mfalme wa Ming wa 1465 hadi 1487, kwa heshima ya ufundi wa wakati wake. Kwa hiyo alama ni ya kusomwa mwisho, baada ya udongo, glezi na buluu kwisha kutoa ushahidi.

Dosari. Ufa unaanzia ukingoni, unateremka sentimita sita hivi na kuishia ndani ya chumba cha krisanthemu. Ni mwembamba, hausikiki kwa ukucha kwa upande wa juu, kwa chini unasikika kidogo. Ukiigonga sahani kwa kifundo cha kidole inatoa sauti fupi iliyoziba. Sahani nzima ya ukubwa huu huimba. Niliipitisha chini ya taa ya urujuanimno usiku: hakuna gundi iliyong'aa, hakuna rangi iliyoongezwa, ufa haujatibiwa. Napendelea hivyo. Ufa ulioachwa wazi unajua pa kuutazama. Uliofichwa kwa rangi na vanishi hukushtukiza baadaye, vanishi ikianza kuwa njano. Ukingoni pia glezi imebanduka vijipengo vidogo vidogo kuzunguka karibu nusu ya duara. Hilo si jeraha la matumizi bali ni tabia ya glezi ya wakati ule, ambayo haikushika vizuri kwenye kona kali za ukingo.

Muuzaji je? Maelezo yake yalikuwa ya kweli, ufa aliutaja na kuupima. Picha zake ndizo tatizo. Alizipiga kwa taa kali ikaifanya buluu ionekane ya zambarau inayowaka, na mtu aliyetaka zambarau hiyo angefungua kifurushi akasikitika. Picha ya kitako hakuweka hata moja mpaka nilipoomba, akatuma tatu, zote zina kivuli cha mkono wake. Ufungaji ulikuwa mzuri: boksi ndani ya boksi, sahani imefungwa ikasimama wima, hailali chini ya uzito wowote. Ninampa nyota nne kwa sahani na tatu kwa huduma.

Kuna swali ambalo huja kila ninapoonyesha chombo hiki: mbona umenunua Uholanzi na si Uchina kwenyewe? Kwa sababu sahani hizi zilitengenezwa ziende. Zilipakiwa kwa majahazi ya Kichina hadi Batavia (Jakarta ya leo), kampuni ya Kiholanzi ya VOC ikazinunua huko kwa wingi na kuzisafirisha Ulaya, na nyumba za Waholanzi zimekuwa zikizitoa makabatini kwa miaka 300. Biashara hii ilikuwa kongwe zaidi ya Waholanzi, bila shaka. Shah Abbas wa Uajemi alitoa mkusanyiko wake wa kauri za Kichina wakfu kwa kaburi takatifu la Ardabil mwaka 1611. Jumba la Topkapı mjini Istanbul lina zaidi ya vipande 10,000 vya kauri za Kichina. Na kwenye pwani ya Waswahili mabakuli ya Kichina yalipachikwa kwenye lipu ya makaburi na misikiti. Sababu ya pili ni sheria. Kwa kanuni za Uchina za mwaka 2007, kitu chenye thamani ya kihistoria au kisanaa kilichotengenezwa kabla ya 1911 hakiruhusiwi kutolewa nje ya nchi. Kwa hiyo mtu anayekuuzia "Kangxi halisi" sokoni Jingdezhen na kukuahidi itapita forodhani, ama anakudanganya umri wake, ama anakuingiza kwenye kesi. Soko lile litembelee kwa kujifunza, kuna vigae vya kila enzi vimetandazwa chini na kigae ni mwalimu mzuri: kimevunjika, unauona udongo hadi ndani. Ila hata vigae siku hizi vinachakachuliwa.

Je, euro 260 ni halali kwa sahani yenye ufa? Kwangu ndiyo. Bei za vitu hivi zimekuwa na wazimu wake tangu zamani. Mwaka 1717 Augustus, mtawala wa Saxony (Ujerumani ya leo), alimpa mfalme wa Prussia askari 600 wa farasi, yeye akapokea vyombo 151 vya kauri, vikiwemo mitungi mikubwa ya Kangxi ya buluu na nyeupe ambayo hadi leo iko Dresden. Na mwaka 2021 bakuli dogo la Yongle lenye maua ya buluu, lililonunuliwa kwa dola 35 kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani huko Connecticut, liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's, New York, kwa dola 721,800. Hadithi hii imewaharibu wengi. Wananunua kila bakuli la buluu wanaloliona wakingoja la kwao. Ukinunua kwa hesabu hiyo utajaza kabati vyombo usivyovipenda.

Nina vyombo viwili vingine vya kulinganisha. Cha kwanza ni mtungi wenye kifuniko, maua meupe ya plamu juu ya barafu ya buluu iliyopasuka, na herufi nne za Kangxi kitakoni. Ni wa mwisho wa karne ya 19. Kwa mbali unapendeza zaidi ya sahani, buluu yake inajaza chumba. Kwa karibu, barafu ni mistari iliyopigwa haraka na rangi ni tambarare, kiwango kimoja hadi kingine bila mpito. Nisingeuuza, lakini lenzi siitoi kwa ajili yake. Cha pili ni bakuli dogo la jahazi la Tek Sing, lililozama mwaka 1822 na shehena yake, zaidi ya vipande 350,000, ikauzwa kwa mnada Stuttgart mwaka 2000. Ni kazi ya Fujian, si Jingdezhen: nzito, udongo umeelekea kijivu, na ua lake limechorwa kwa mapigo machache tu. Glezi imepoteza mng'ao kwa chumvi ya bahari. Kwa anayeanza, ningempeleka huko kabla ya Kangxi. Bei ni nafuu, tarehe inajulikana, na lebo ya mnada ikiwepo unajua unachoshika. Ua lile la mapigo machache, tena, lina uhai ambao mtungi wangu wa plamu hauna.

Wako watu wanaonishauri nipeleke sahani ikapimwe maabara kwa kipimo cha thermoluminesensi, kinachokadiria chombo kilichomwa lini. Kipimo hicho kinahitaji kutoboa tundu dogo kuchukua unga wa udongo, gharama yake inaweza kukaribia bei ya sahani yenyewe, na walaghai wakubwa wanajua kukipotosha kwa mionzi. Kwa mtungi wa nasaba ya Yuan wa mamilioni, sawa. Kwa hii, kidole changu na lenzi vinatosha.

Kuhusu kuitunza. Usiitundike ukutani kwa vile vishikio vya waya wenye springi. Vinabana ukingo masaa yote na ufa wa sentimita sita utakuwa wa kumi. Kisimamio cha mbao kinachobeba uzito kutoka chini ndicho kinachofaa, na chini ya miguu yake kitambaa kisichoteleza. Chakula sikiweki, si kwa hofu ya rangi, kwani buluu iko chini ya glezi na haitoki, bali kwa ajili ya ufa, ambao hunywa mafuta na kugeuka mstari wa kahawia. Naiosha kwenye beseni la plastiki, maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, taulo likiwa chini yake, na pete zote za vidole nimezivua. Ukikuta ufa wako umeshaingia uchafu, usiupake klorini, maana hubaki ndani ya udongo. Loweka pamba kwenye haidrojeni peroksaidi hafifu, ilaze juu ya ufa, ibadilishe kila inapokauka, na uwe na subira ya siku kadhaa.